Walipokimbiwa na Maji

Upepo wa kusini ulikata ghafla. Noelie Verdin akainua macho kutoka kwenye chelezo chake, kile kidude chekundu kilichokuwa kikielea palepale tangu asubuhi bila kuzama hata mara moja, akatazama kaskazini. Juu ya manyasi ya kinamasi palikuwa na wingu la buluu iliyoiva, limenyooka kama limepigwa rula, toka pembe moja ya anga hadi nyingine. Korongo waliokuwa wakinyatia dagaa kandokando ya maji walikuwa wameshaondoka. Hakuwaona walipoondoka.

"Ozeme, tazama kule."

Kaka yake alikuwa amekaa tezi, karibu na mashine, kofia ameishusha hadi kwenye nyusi. Akalitazama wingu. Akaitazama simu yake. Kisha akachukua kamba mwingine kwenye ndoo ya chambo, akamtunga kwenye ndoana.

"Liko mbali hilo. Tujaribu mahali pamoja zaidi."

"Umeimba wimbo huo tangu kahawa ilipokuwa ya moto."

"Basi naurudia. Una haraka ya kwenda wapi, wewe?"

"Kwa mama yako. Mimi nina kwingine pa kwenda?"

Ozeme aliurusha mshipi, chelezo kikaanguka majini, pwata, kikatulia.

Siku ilikuwa imejikokota hivyohivyo tangu mapambazuko. Kaa walikuwa wamewaibia chambo mpaka wakachoka wenyewe. Ndani ya kasha kubwa la barafu mlikuwa na hongwe mmoja tu, yule samaki wa miiba ambaye hata paka wa bandarini humpita. Hata hivyo Noelie hakuwa amenung'unika, maana alikuwa na furaha. Tangu mume wake afariki na yeye kurudi kuishi na mama yao kwenye ile nyumba ya nguzo ndefu, mwisho wa barabara, mahali ambapo ardhi ya Luiziana inagawanyika vipandevipande kuelekea Ghuba ya Meksiko, hakuwa amepata siku ya kutoka. Mama hakuachika peke yake, maana kumbukumbu zilikuwa zikimpotea. Tena Ozeme alikuwa amemnunia kwa majuma kadhaa, tangu ule ugomvi wa mezani wakati wa Krismasi, dada yao Earline alipotaja makao ya wazee ya mjini Houma. Noelie aliinuka siku ile na kusema kwamba atakayekuja kumchukua mama atamkuta yeye Noelie juu ya ngazi, ameshika upondo wa kusukumia mashua.

Ndipo juzi Ozeme akapiga hodi, amevua kofia. "Twende tukavue, Noe. Mimi na wewe tu, kama enzi za baba. Velma atakaa na mama." Velma ni mke wake. Akaongeza, "Na simu yako uiache nyumbani. Nimechoka kuwaona watu wanazitazama simu." Noelie alicheka. Alilala akiwa amefunga mikate ya soseji na kujaza chupa ya kahawa, mwanamke wa miaka hamsini na sita, kama mtoto anayengoja sikukuu.

Jambo moja tu lilikuwa limemshangaza. Ozeme alimleta Ziwa Gaspard, mbali sana na njia za mashua. Ni maji mapana, hayafiki kifuani, na mwezi wa Januari samaki huyahama na kwenda kwenye mashimo ya kina kirefu. Ozeme aliyajua hayo kuliko mtu yeyote wa bandari yao. Noelie alijiambia kwamba kaka yake ameingiwa na ukumbusho tu, kwa kuwa hapo ndipo baba yao alipowafundisha kushika upondo.

Wingu lile sasa lilikuwa limemeza nusu ya anga.

"Kaka, mimi sijaribu mahali popote tena. Washa mashine."

Safari hii Ozeme alitazama kaskazini kwa makini, na Noelie akaona rangi ikimtoka usoni. Aliivuta kamba ya mashine mara kadhaa mpaka ikanguruma.

Hawakufika mbali. Upepo wa kaskazini uliwakuta katikati ya ziwa, ukaja na mlio kama wa malori, na baridi yake ikaingia kwenye nguo kabla mvua haijafika. Ziwa lililokuwa limelala kama sahani liliinuka mawimbi mafupi, ya kahawia, yanayofuatana bila nafasi. Mashua ya bati ilipiga, ikaruka, ikapiga. Mvua ya barafu iliwachapa usoni. Noelie alishika ubao wa mashua kwa mikono miwili, akageuka kumpigia kelele kaka yake.

"Zunguka! Fuata hori kubwa, kwenye kina!"

"Maji yanakimbia!" Ozeme alijibu. "Tukizunguka tutapwelewa, tutakwama topeni! Tunakata katikati!"

Alisema kweli. Upepo wa namna ile huyasukuma maji yote ya kinamasi kuyarudisha baharini, kama mtu anayekung'uta kitambaa cha meza. Tayari matete yalikuwa yameacha wazi mashina marefu meusi, yaliyokuwa chini ya maji asubuhi. Ozeme akaongeza mwendo.

Katikati ya ziwa mna nguzo ya chuma iliyoachwa na wachimba mafuta wa zamani, ambayo siku zote huwa imefunikwa na maji. Siku ile maji yalikuwa yamepungua kiasi cha mguu wa mashine kuifikia. Kukawa na mlio wa kitu kuvunjika, mashua ikasimama ghafla katikati ya dhoruba, na Ozeme akarushwa kutoka tezi, mguu ukagonga ubao wa katikati, naye akapinduka mzimamzima hadi majini.

Noelie alimwona akiibuka, kofia imetoka, mdomo wazi. Maji yalimfikia kiunoni lakini hakusimama; aliangukia upande.

"Mguu! Noe, mguu!"

Alimnyoshea upondo. Akaushika. Alimvuta hadi ubavuni mwa mashua, akamkamata mkanda wa suruali, akajiegemeza nyuma kwa uzito wake wote, na mara ya pili wakaangukia ndani pamoja, juu ya hongwe na barafu na mishipi iliyosokotana. Mfupa wa muundi wa Ozeme ulikuwa umevunjika. Haukutoboa ngozi, lakini mguu ulikuwa na kona pasipostahili kona. Mashine ilining'inia bila rafadha, lile panga la kuisukuma mashua. Upepo ukaisukuma mashua kinyumenyume kuelekea kusini, Noelie akijaribu kuizuia kwa upondo na upondo ukizama kwenye tope, hadi mkuku ukaegama taratibu, laini kabisa, na wakatulia.

Maji yaliendelea kwenda. Ilichukua muda mfupi tu kuona jinsi yalivyokwenda: kwanza yakawazunguka kama shuka, kisha yakawa vijito, kisha ikabaki tambarare ya tope la rangi ya risasi, maganda ya chaza yakichomoza hapa na pale kama meno.

"Simu," Noelie alisema.

Ozeme aliitoa mfukoni. Maji yalitiririka kutoka ndani yake.

"Redio?"

"Niliiacha kwenye gari."

"Uliiacha kwa nini?"

Ozeme aliinama kuushika mguu wake.

Noelie aliufunga mguu kwa mafito mawili ya kuvulia aliyoyavunja, akakaza kwa kipande alichokikata kwenye kamba ya nanga. Ozeme aliuma mkono wa koti lake. Nguo zake zote zilikuwa zimelowa chepechepe, na alitetemeka kiasi kwamba bati la mashua lilitetemeka naye.

"Nani anajua tulipo?" Noelie aliuliza huku akifunga.

"Hakuna."

"Hukumwambia Velma?"

"Nilisema tu tunakwenda kuvua."

"Sasa, Velma ataondoka kwenda zamu yake ya kazi. Mama atabaki peke yake na baridi hii." Noelie alisimama, akatazama kaskazini, ambako hapakuwa na kitu ila mvua. "Ataiwasha ile hita mwenyewe. Unajua anavyofanya, anafungua gesi kwanza ndipo anaanza kutafuta kiberiti. Ozeme, atajiunguza! Lazima niende. Nitatembea. Nitafuata ukingo mpaka—"

"Hatajiunguza."

"Umejuaje?"

"Kaa chini, Noe. Utazama."

"Nimekuuliza umejuaje!"

Ozeme alifumba macho. Meno yalimgongana hivi kwamba maneno yalitoka vipandevipande. "Kwa sababu hayupo. Earline amekuja na gari. Amemchukua. Saa hizi… saa hizi wako Houma."

Mvua ilikuwa ikigonga kifuniko cha kasha la barafu. Noelie aliisikiliza kama mtu anayesikiliza lugha ngeni.

"Amemchukua kumpeleka wapi?"

"Unajua wapi."

Hakupiga kelele. Alikaa polepole kwenye ubao, mikono juu ya magoti, na asubuhi nzima ikaanza kumpitia machoni upya: simu iliyoachwa mezani, Velma aliyeshindwa kumtazama alipokuwa akimwonyesha dawa za mama, ziwa lisilo na samaki, mahali pamoja zaidi, mahali pamoja zaidi.

"Ndiyo maana hatukupata kitu," alisema. "Hukuja kutafuta samaki. Ulikuwa unanishikilia."

"Noe…"

"Uliliona wingu kabla yangu. Wewe huwa unayasikia mawingu kwa magoti. Uliliona, ukakaa."

"Earline alichelewa. Tulipanga nimshikilie mtu wangu mpaka saa nane, basi. Sikujua litakuja kwa kasi hivyo."

"Mtu wangu," Noelie alirudia. "Hata jina sina."

Alichukua upondo, akapanda ukingo wa mashua na kushuka kwenye tope.

"Noelie! Unakwenda wapi?"

"Kaa na siri yako. Mfunikane."

Alitembea. Buti zake nyeupe za mpira zilizama hadi kifundoni, kisha hadi katikati ya shavu la mguu, na kila hatua tope lilinyonya kama ndama wa ng'ombe. Upepo ulimsukuma kifuani. Alilia, lakini machozi yalipoa kabla ya kufika kidevuni. Alimwona mama yao akishushwa ngazi, amevalishwa lile koti la kanisani, akiuliza, Noelie yuko wapi, na watu wakimwambia uongo kwa sauti ya upole. Aliona sura ya kaka yake juzi mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa ameipenda sura ile. Hilo ndilo lililomuuma kuliko mengine, kwamba alimfungia mikate.

Hakuona mahali ambapo tope lilibadilika rangi. Mguu wa kulia ulishuka bila kugusa kitu, akaanguka mbele, na sekunde ileile akawa amezama hadi mapajani, kisha kiunoni. Kila alipojitingisha alishuka zaidi. Baridi ilimbana mbavu, pumzi ikakataa kuingia.

Usipigane na tope, baba yao alikuwa akisema, tope halichoki. Noelie aliulaza upondo mbele yake, akaukumbatia, akajilaza kifudifudi, shavu kwenye matope, akaacha kupigana. Kisha akaanza kujivuta, kidogo, kidogo. Buti zilibaki kule chini. Makali ya chaza yalimpasua viganja. Alipotoka alibaki amelala, akihema, tope hadi ndani ya masikio.

Kutoka hapo aliweza kuiona mashua. Alimwona Ozeme amejikunja chini ya ubao. Alimtazama kwa muda, akingoja kumchukia kiasi cha kutosha. Kisha akagundua kwamba mashua haikuwa ikitetemeka tena.

Alijua kwamba mwili unaoacha kutetemeka kwenye baridi kama ile unaanza kufa. Alirudi akitambaa.

Ozeme alikuwa ametulia, midomo ya rangi ya zambarau, macho nusu wazi. "Sasa hivi sijisikii baridi," alimwambia kwa utulivu. "Afadhali hata."

Noelie alimzaba kofi. Akamzaba la pili, na hilo la pili halikuwa la matibabu.

"Sijakusamehe," alisema. "Usije ukadhani. Inuka."

Mashariki, juu ya mgongo wa maganda ya chaza, palionekana kibanda cha wawinda bata, mbao na matete tu, kimeinama upande mmoja. Hakikuwa mbali kwa mtu mwenye mashua na maji. Noelie alimnywesha kahawa iliyobaki, akaitupa nje barafu na yule hongwe, akaling'oa kasha kutoka mashuani na kulishusha topeni. Lilikuwa kasha refu, la kuwekea samaki wa siku njema. Alimvua Ozeme koti lililolowa, akamvalisha lake, na jaketi okozi zote mbili juu yake. Kisha akafungua tenki, akaijaza petroli ile chupa ya kahawa, akaikaza kizibo na kuitia kifuani.

"Kiberiti chako cha gesi kiko wapi?"

"Velma hataki nivute."

"Ozeme!"

"Soksi ya kushoto."

Alimviringisha ndani ya kasha, mguu mbovu ukiwa nje kama kasia. Akaifunga kamba ya nanga iliyobaki kutoka kwenye kasha hadi kiunoni mwake, akajilaza juu ya upondo, akavuta.

Hapana haja ya kueleza kila hatua ya safari ile. Alivuta akiwa amelala, akapumzika akiwa amelala. Alipolegea, kasha lilikwama. Alipokaza, kamba ilimkata nyama ya nyonga. Soksi zilichanika, kisha nyayo. Ozeme mara alikuwa akiongea na baba yao, mara akimwomba dada yake amwache pale.

"Niache, Noe. Nenda peke yako."

"Nyamaza. Ukifa hapa nitamweleza nini mama? Nitamwambia nimekuacha wapi, nami sijui hata yeye yuko chumba kipi?"

Mwanga ulikuwa ukififia walipofika kwenye maganda. Alimbingirisha juu ya chaza, hakujali tena nani anachanika. Kibanda kilikuwa na ukuta wa upande wa kaskazini, na hilo lilitosha. Aling'oa mbao za kiti, akazimwagia petroli kidogo, na kile kiberiti kilikataa, kikakataa, kikawaka. Alimvua kaka yake nguo kama anavyomvua mama, bila aibu, akang'oa manyasi makavu yaliyofunika paa na kuyashindilia ndani ya koti, kwenye mikono, kwenye suruali, mpaka Ozeme akafanana na kinyago cha kufukuzia ndege. Akajilaza nyuma yake, akamkumbatia mgongoni.

Baadaye sana Ozeme alianza kutetemeka tena. Noelie alijua hiyo ni habari njema. Akaongeza ubao.

"Nilimkuta mama barabarani, mwezi wa Oktoba," Ozeme alisema, uso umeuelekea moto. "Ulikuwa umeenda kanisani. Maji yamefunika lami, yeye yumo hadi magotini, na gauni la kulalia. Akaniambia anamfuata baba bandarini. Nilimrudisha, nikamkausha. Sikukwambia. Ungejilaumu."

"Kwa hiyo uliona heri uniue."

"Nilijua hutakubali."

"Nisingekubali. Ningepigana nawe, ndiyo. Ningekurushia sufuria. Lakini ningepigana nikikutazama usoni, Ozeme."

"Ungenishinda. Tangu utoto unanishinda."

"Basi ungeshindwa! Mtu hushindwa, akaenda nyumbani akala." Alisukuma ubao motoni. "Wewe ulinijia na kofia mkononi. Nilifurahi, unajua? Nilifurahi."

Ozeme alilia bila sauti. Noelie alihisi mgongo wake ukishtuka. Hakumbembeleza. Wala hakuondoa mkono, maana joto lilikuwa moja tu na walilihitaji wote wawili.

Asubuhi ilikuja nyeupe, upepo umetulia, anga safi kabisa. Utando wa barafu ulikuwa umezingira maganda ya chaza. Na katikati ya tambarare ile ya tope, vijito vyembamba vya maji vilianza kurudi kutoka baharini, vikitafuta njia. Noelie aliyakusanya manyasi mabichi, akayamwagia tone la mwisho la petroli. Moshi mzito ukapanda, mnene, umenyooka.

Aliyeuona alikuwa Adley Billiot, mvuvi wa chaza, ambaye Noelie alisoma naye shule. Mashua yake bapa ilikuja ikipapasa hori polepole, mwenyewe amesimama mbele akipima kina kwa upondo. Hakuuliza maswali mengi. Alimbeba Ozeme kama gunia, akamvalisha Noelie soksi zake mwenyewe, akamimina kahawa ya moto yenye sukari nyingi.

"Mlikuwa Gaspard mnafanya nini? Kuna samaki gani kule Januari?"

"Muulize yeye," Noelie alisema.

Adley alimtazama Ozeme, kisha akaukwepesha uso kuelekea usukani, haraka mno. Noelie aliikuta aibu ile kabla haijafichika.

"Ulijua," alisema.

"Noelie…"

"Adley, ulijua."

"Earline aliomba dua kanisani, Jumapili. Wewe ulikuwa umebaki na mama." Adley alisugua shingo. "Walisema ni kwa heri yako. Kila mtu alisema umechoka. Tuliona… hatukujua tukwambieje."

Bandari nzima. Mwenye duka la chambo, aliyemtakia siku njema jana asubuhi. Padri. Noelie aliishika bilauri kwa viganja vilivyopasuka, akatazama manyasi yakipita mpaka walipofunga gatini, ambapo gari la wagonjwa lilikuwa likingoja kwa kuwa Adley alikuwa ameita kwa redio. Velma alikuwepo, akilia. Ozeme akiwa juu ya machela alinyosha mkono.

"Noe. Njoo nami. Hizo nyayo zako zinahitaji daktari."

Noelie aliutazama ule mkono wa kaka yake, vidole viwili vimeshageuka rangi kwa baridi.

"Nitapanda," alisema, "kwa sababu mnakwenda Houma."

Walimshona nyayo hospitalini na kumwambia alale. Alingoja muuguzi ageuke, akavaa kandambili za karatasi walizompa, akachukua teksi.

Makao yale yalikuwa masafi, yana joto, yana harufu ya supu. Earline alimkuta kwenye ukumbi, akaweka mkono mdomoni alipoona tope limekauka kwenye nywele na shingo ya mdogo wake.

"Mungu wangu, Noelie. Tulidhani… Ozeme alikuwa akuelezee mwenyewe, taratibu, mkirudi—"

"Chumba kipi?"

"Ngoja nikueleze kwanza. Daktari anasema—"

"Dada. Chumba kipi."

Earline alionyesha kwa kidole.

Mama yao, Azelie, alikuwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu karibu na dirisha linalotazama maegesho ya magari. Walikuwa wamemchana nywele upande usio wake. Noelie alisimama mlangoni. Kwa miezi mingi mama alikuwa akimwita kwa jina la shangazi aliyekufa zamani, naye alikuwa amezoea kuitika. Sasa yule mzee aligeuka, akamtazama kuanzia kandambili hadi kichwani, na macho yake yalikuwa maangavu, yamekaza.

"Noelie," alisema. "Nilikuita."

"Mama."

"Walikuja nikakuita. Nilishika mlango. Nilikuita kwa sauti, mpaka mbwa wa jirani wakabweka. Ulikuwa wapi?"

Majibu yalikuwepo. Jina la Ozeme lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, la Earline lilikuwa limesimama hapohapo nyuma yake mlangoni, likipumua. Angeweza kuyatema yote, na yangekuwa kweli tupu. Mama angeyabeba siku ngapi? Angeamka kesho akiwa amesahau sababu na kubaki na uchungu tu, uchungu wa watoto watatu badala ya mmoja.

"Nilikwenda kuvua, Mama."

"Kuvua."

"Ndiyo."

Azelie aligeuza uso dirishani. Nyuma, Earline alitoa sauti ndogo, kisha hatua zake zikasikika zikiondoka ukumbini. Noelie alivuta kiti, akaketi kando ya mama yake, mikono yake yenye bandeji na matope ameilaza mapajani, na wakakaa hivyo, magari yakiingia na kutoka kule chini.

Baada ya muda mkono wa mama ulisogea. Ukachukua mkono wa Noelie, ukaugeuza, na kwa ukucha wake Azelie akaanza kutoa tope lililokwama chini ya kucha za binti yake, kidole kimoja baada ya kingine, kwa hasira, jinsi anavyosafishwa mtoto aliyerudi nyumbani mchafu. Hakumtazama usoni. Walileta supu, hakumtazama. Lakini mkono hakuuachia.